Masaibu ya binti mwenye mkosi: jinsi ya kuyapanga katika manga ya mfululizo

Katika manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, anza na hasara moja inayoonekana. "Maisha magumu" hayachoreki. Deni la yen milioni 3 aliloacha baba linachoreka, kwa sababu lina karatasi, lina mdai anayebisha hodi, lina tarehe ya mwisho.

Pigo hilo la kwanza linaweza kumwangukia binti bila kosa lolote. Kuanzia la pili, kila pigo litokane na hatua aliyochukua mwenyewe ili ajinasue na lililotangulia. Hapa ndipo hadithi nyingi huharibika: ajali, kisha ugonjwa, kisha wizi, na hakuna uzi unaoyaunganisha. Msomaji akishahisi kwamba mwandishi anamwonea tu binti wa watu, huruma humwisha.

Kabla ya kugusa kalamu ya wino, piga jedwali la safu wima nne: alichopoteza, nani kasababisha, yeye alifanya nini, na hilo likazaa nini. Jaza mistari sita hadi minane. Ukiona "alilia" kwenye safu ya tatu mara mbili mfululizo, futa na uanze upya mstari huo.

Mfano: Haruka, miaka 16, mama alishafariki, sasa baba naye. Msomaji wa Japani atauliza mara moja kwa nini deni limfuate mtoto, maana sheria ya huko inamruhusu mrithi kuukataa urithi, pamoja na madeni yake, kwenye mahakama ya familia ndani ya miezi mitatu. Kwa mtoto, muda huo huhesabiwa tangu mlezi wake wa kisheria alipojua. Basi mpe shangazi mlezi aliyeiacha miezi hiyo ipite, kwa uzembe au kwa tamaa ya nyumba. Pengo limezibika, na umepata mpinzani. Haruka anatafuta kazi ya jioni. Sheria inakataza wa chini ya miaka 18 kuajiriwa kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, kwa hiyo anadanganya umri ili apate zamu ya usiku. Shule nyingi za sekondari ya juu hukataza vibarua bila kibali. Mwanafunzi mwenzake anamwona. Mapigo matatu, na hakuna hata moja lililodondoka kutoka mbinguni.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa shule huanza Aprili, na tangu Aprili 2022 mtu wa miaka 18 ni mtu mzima anayesaini mikataba mwenyewe. Ukimfikisha umri huo katikati ya hadithi, hila ya mlezi inakufa.

Uonevu shuleni uonyeshe kwa vitu. Wanafunzi wa Japani hubadili viatu wanapoingia shuleni: viatu vyake vya ndani havimo kwenye kabati la mlangoni, anashinda siku nzima na ndala za wageni, na kila mtu darasani anaziona. Fremu tatu, yaani visanduku vitatu vya picha, zisizo na maneno zinatosha.

Manga ya mfululizo hutoka sura kwa sura kwenye majarida. Sura ya jarida la mwezi huwa na kurasa 30 hivi au zaidi. Ya wiki, chini kidogo ya 20. Kwa kurasa 30, tumia nne kwa mabaki ya pigo lililopita, kisha kumi na mbili za kujenga tumaini. Usizifupishe hizi: bila tumaini hakuna cha kuvunjika. Pigo lije karibu na ukurasa wa 20, zinazobaki ziwe za uamuzi wake. Manga husomwa kulia kwenda kushoto, hivyo swali liweke kwenye fremu ya chini kushoto ya ukurasa wa kushoto, na pigo lionekane msomaji anapofunua, juu kulia.

Baada ya mapigo mawili makubwa, mpe sura ya kupumua. Ukimpa binti kijana mtanashati wa kumpenda, kijana huyo asilipe deni. Akililipa, hadithi imekwisha. Msaada wake uwe mdogo na uwe na gharama: anamwazimisha baiskeli, na shangazi anaiuza.

Sura sita za namna hii hujaza kitabu kimoja cha kurasa 180 hivi, kwa hiyo pigo linalogeuza kila kitu lihifadhi kwa ajili ya ukurasa wa mwisho wa sura ya sita.