Kiungio cha petroli kikivunjika kwenye pikipiki ya milimani: namna ninavyokibadilisha

Mara nyingi naletewa pikipiki ikiwa imelazwa nyuma ya pikapu, na mwenyewe ananuka petroli kuanzia kiunoni mpaka viatuni. Sihitaji kuuliza sana. Kile kiungio cha plastiki kinachoshikanisha mpira wa petroli na pampu kimekatika. Hapa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kazi hii huja zaidi msimu wa mvua, watu wanapotoka Bukwo na vijiji vya juu kwenye Mlima Elgon, njia ikiwa tope na mawe. Pikipiki ikiangukia jiwe kwa ubavu, kinachoumia kwanza ni kitu chembamba kilichochomoza.

Ufundi niliujifunza Kitale, ng'ambo ya mpaka wa Suam, na Kiswahili changu cha gereji kilitoka huko huko. Enzi hizo pikipiki zote za kazi zilikuwa za kabureta: Yamaha DT 125, Yamaha AG 100, Honda XL 125. Waliopanda walikuwa madaktari wa mifugo, wakaguzi wa afya na makatekista. Nipo ya koki, yaani kile kibomba kifupi kinachovalishwa mpira wa petroli, ikikatika ulikata kipande cha bomba jembamba la shaba kutoka friji mbovu, ukakichomeka, ukabana kwa waya, mtu akaenda zake. Ilishika kwa sababu kwenye kabureta petroli inashuka kwa uzito wake tu. Tangi likiwa sentimita 30 juu ya kabureta, msukumo wake ni kama bar 0.02, kidogo mno.

Pikipiki za injekta, zinazopulizia injini petroli kwa msukumo, ni habari nyingine. Pampu imekaa ndani ya tangi na inasukuma petroli kwa bar 3 hadi 3.5 kwenye nyingi ninazozishika. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya ule msukumo wa kabureta. Ufa mwembamba kama unywele unarusha petroli kama dawa ya kupulizia nyanya, na ekzosi ya moto iko hapo hapo. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wote wenye gereji huku juu: kiungio hiki msikigundishe. Kibadilisheni.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kugundisha. Mteja alikuwa na haraka, spea haikuwepo, nikachanganya epoksi, nikaiacha ikauke usiku kucha. Asubuhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Akaondoka na mtoto wake nyuma. Wakiteremka kuelekea Sipi, joto likailegeza gundi, kiungio kikafyatuka, petroli ikamwagikia injini. Alinusa, akazima, akamshusha mtoto, hawakuungua. Lakini nilikaa siku kadhaa usingizi haupatikani.

Sasa tuingie kazini.

Kabla ya spana yoyote, tafuta mahali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kusafiri mbali kuliko unavyodhani. Jirani yangu anakaanga chapati kwa sigiri, na siku ya kazi hii naisogeza pikipiki upande wa pili kabisa wa uwanja, mahali upepo unapopita. Injini iwe imepoa kiasi kwamba unaweza kuweka kiganja juu ya ekzosi. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Wanaovuta sigara wasimame barabarani.

Halafu osha. Watu wengi wanairuka hatua hii na ndiyo inayoharibu kazi. Puliza vumbi, sugua kwa brashi ya meno na maji ya sabuni kuzunguka pampu na kiungio, kausha. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye mpira itafika kwenye injekta, na matundu ya injekta ni madogo kuliko ncha ya sindano.

Msukumo nao lazima utolewe. Kama injini bado inaweza kuwaka, chomoa fyuzi au plagi ya waya wa pampu, washa, iache ijizimie yenyewe kwa kukosa petroli. Zima swichi, chomoa waya hasi wa betri. Fungua kifuniko cha tangi mvuke utoke. Hata baada ya hayo, unapofungua kiungio kizungushie kitambaa na weka uso wako pembeni, kwa sababu mabaki hutoka kwa kishindo. Petroli iliyomo tangini itoe yote, uitie kwenye jerikeni la chuma lenye kifuniko.

Hapo ndipo utajua hasa kilichovunjika, maana "kiungio" ni vitu vitatu. Kuna oringi, pete ndogo ya mpira iliyo ndani. Kuna kichwa cha mpira, yaani kile cha plastiki kilicho mwisho wa mpira wa petroli, chenye masikio mawili ya kubonyeza. Na kuna nipo ya plastiki iliyoota kwenye sahani ya pampu, kile kifuniko kinachoifunga pampu kwenye tangi. Oringi ikiwa ndiyo imekatika, shukuru: weka ya Viton, mpira unaostahimili petroli, yenye kipimo kile kile, ipake tone la oili safi ya injini, umemaliza.

Kichwa cha mpira kinavunjika zaidi kwa mikono yetu kuliko kwa mawe. Vumbi likijaa, masikio yanakwama, na fundi anachukua bisibisi anakwangua. Usifanye hivyo. Kisukume kichwa kwanza kuelekea tangini, kama vile unataka kukiingiza zaidi, ndipo ubonyeze masikio yote mawili kwa pamoja, kisha uvute moja kwa moja bila kupinda. Kikiwa kimeshavunjika, nunua kipya, na angalia kama kile cha zamani kilikuwa na kichujio kidogo ndani yake, kwa sababu baadhi ya pikipiki zinacho na ukikisahau uchafu utapita moja kwa moja.

Mpira uliotoka kiwandani mara nyingi ni nailoni ngumu. Huo haubanwi kwa klipu. Unalainishwa mwisho wake kwa maji ya moto, unasukumwa juu ya meno ya nipo, unapoa ukiwa umeshika. Maji yanatoka kwenye chupa ya chai ya jirani wa chapati. Kibiriti hapana, hata kama tangi liko mbali. Ukiamua kuondoa nailoni na kuweka mpira laini, soma maandishi ubavuni mwake. Ulioandikwa SAE J30R7 ni wa kabureta. Umepimwa kwa psi 50, kama bar 3.4, yaani hauachi nafasi yoyote ya usalama. Unaoutaka ni J30R9, wa psi 100, karibu bar 7. Dukani watakuonyesha ule mweupe unaopitisha mwanga na kukuambia ni imara. Mwezi mmoja juani unakuwa mgumu kama kijiti cha muwa. Mimi wa R9 nauagiza soko la Kisekka, Kampala, kwenye spea za magari, maana gari la injekta linatumia mpira huo huo. Klipu ziwe za duara kamili, zinazokazwa kwa nati ndogo. Zile zenye matundu kwenye ukanda zinaukata mpira.

Kazi nzito ni nipo ya sahani ikivunjikia shingoni. Ukiweza kupata sahani mpya, au pampu nzima, inunue. Lakini kwa pikipiki nyingi bei yake ni ya kununua ng'ombe, na kungoja ni wiki nyingi, kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya.

Ifungue pampu kutoka tangini. Boliti zake legeza kwa kupishanisha, moja huku, nyingine ng'ambo. Inyanyue polepole kwa sababu mkono wa kuelea unaopima petroli unapinda haraka. Ziba tundu la tangi kwa kitambaa safi. Kata kisiki cha nipo mpaka kiwe sawa na sahani, ukitumia msumeno wa chuma wa mkono, na sehemu ya ndani umeijaza grisi ili vumbi la plastiki ling'ang'anie hapo. Kama ukuta wa plastiki uliobaki ni mnene vya kutosha, toboa kwa dreli ya kuzungusha kwa mkono, milimita 7.0, kisha kata uzi wa M8, yaani wa upana wa milimita 8, wenye hatua ya milimita 1. Dreli ya umeme inayeyusha nailoni badala ya kuikata, na cheche zake sizitaki karibu na pampu iliyolowa.

Nipo mpya iwe ya shaba ya njano. Wachongaji wa Mbale wanazichonga, na Katwe kule Kampala pia. Waambie wazi: uzi uwe wa unene sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Uzi unaonenepa kuelekea juu, kama ule wa mabomba ya maji, ni kama kabari. Ukikaza, unapasua plastiki, tena hupasua kesho yake ukiwa umeshairudisha pikipiki kwa mwenyewe. Kinachozuia kuvuja ni washa yenye ukingo wa mpira inayokaa chini ya bega la nipo. Kama kwa ndani kuna nafasi, weka pia nati nyembamba ya kuikamata. Tepu nyeupe ya mafundi bomba usiitumie hapa: nyuzi zake zinachanika na kwenda kuziba injekta. Silikoni ya kawaida inavimba ikikutana na petroli. Kaza kwa vidole, kisha robo ya mzunguko kwa spana. Basi. Kama ukuta wa plastiki ni mwembamba, usijaribu. Mwambie mteja ukweli na agiza sahani.

Futa grisi yote, puliza, rudisha pampu na oringi yake kubwa ikiwa haijajikunja, kaza boliti kwa kupishanisha tena. Usivute mpira mpaka ukanyooka: uachie ulegevu kidogo ili injini inapotikisika isiivute nipo. Zaidi ya jiwe, kinachokata nipo ni mpira mfupi.

Kujaribu kunafanyika kabla ya kuwasha. Weka petroli lita mbili, rudisha waya wa betri, fungua swichi. Pampu italia sekunde mbili au tatu, kisha inyamaze. Funga, fungua, mara nne au tano, mpaka msukumo ujae. Zungushia kiungio karatasi nyeupe ya chooni na uikague. Doa moja likionekana, fungua uanze upya. Ikiwa kavu, washa, iache ipate joto, kagua tena kwa tochi, siyo kwa macho ya jioni.

Mimi humtuma kijana wangu aizungushe kama kilomita 10 kwenye mawe, kisha airudishe. Kiti kinavuliwa tena na karatasi inapita mara ya tatu. Mwenye pikipiki anaondoka na mfuko mdogo chini ya kiti: oringi mbili za Viton, kipande cha R9 cha urefu wa kiganja, klipu mbili, na ile nipo ya zamani iliyovunjika, ili akikwama Amudat au Moroto amwonyeshe fundi wa huko kipimo chenyewe.