Waridi la Jangwani: Bonyeza Shina Kabla ya Kumwagilia

Waridi la jangwani likifa, mara nyingi limekufa kwa maji mengi. Asili yake ni nchi kame za Afrika, kuanzia Senegal hadi Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya pili Uarabuni. Shina lake lililovimba ndilo tangi lake.

Kwa hiyo usimwagilie kwa ratiba. Bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, subiri. Likibonyea kidogo na udongo umekauka hadi ndani, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu. Likiwa laini huku udongo umelowa, si kiu hiyo, ni kuoza. Ng'oa mti, kata kwa kisu safi mpaka ufikie nyama isiyo na doa, uache kivulini jeraha likauke kabisa kwa wiki moja au zaidi, ndipo uupande upya.

Udongo uwe nusu changarawe ndogo au mchanga wa chembe kubwa, nusu mboji iliyoiva. Mchanga laini hushikamana ukazuia maji, hata ukionekana mkavu juu. Chungu kiwe na matundu ya kutosha.

Jua la moja kwa moja lisipungue saa sita kwa siku. Kivulini mti hurefuka ovyo na maua huwa haba. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, uingize ndani na usimamishe maji. Majani yakipukutika, usihangaike.

Ukitaka shina nene, otesha mbegu. Vipandikizi huwahi kuchanua, ila mara nyingi shina lake halitunii vile (wauzaji wachache watakuambia hilo). Maganda yakikaribia kukomaa yafunge kwa uzi, maana mbegu zina manyoya na upepo huzibeba. Zikiwa mpya na kuna joto, huota ndani ya wiki moja au mbili.

Pogoa majira ya joto yanapoanza, kwani maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya. Vaa glavu: utomvu ni sumu ya moyo, wawindaji waliupaka kwenye mishale. Watoto na mifugo wasiufikie.

Vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga, wafute kwa pamba yenye spiriti. Kila unapohamishia chungu kingine, pandisha mti kidogo, mizizi minene ya juu ionekane.