Mtumishi kaumia kazini: jinsi ya kuripoti WCF kabla siku saba hazijakata (kwa waajiri wa umma Arusha na Moshi)

Hii ni kwa nyie mnaokaa upande wa mwajiri serikalini. Afisa utumishi wa halmashauri, mkuu wa shule, mganga mfawidhi wa zahanati, msimamizi wa mafundi mamlaka ya maji, na wewe mtendaji wa kata ambae huwa unaona haya mambo ni ya makao makuu tu. Mtumishi akiumia kazini, kazi yake yeye ni kukwambia wewe, akishakwambia mpira uko kwako, wewe ndo unatakiwa kuujulisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na una siku saba.

Kwanza tuweke sawa kitu kimoja maana kila semina kinaulizwa. WCF sio PSSSF na sio bima ya afya ya NHIF. PSSSF ni pensheni, NHIF ni matibabu ya kawaida, WCF ni ya aliyeumia, aliyeugua au aliyefariki kwa sababu ya kazi. Sheria yake ni ya 2008, michango ikaanza Julai 2015 na fidia zikaanza kulipwa Julai 2016. Mwajiri wa umma anachangia asilimia 0.5 ya mishahara, na hiyo haitoki mfukoni kwa mtumishi hata senti, kwahiyo ukiona mtu anakatwa kwenye slip eti ni ya WCF kuna kitu hakiko sawa. Alafu inahusu Bara tu, Zanzibar wana utaratibu wao.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Madai mengi ya serikalini hayafii kwa Mfuko, yanafia njiani kati ya kituo cha kazi na meza ya utumishi. Fikiria mwalimu kaanguka shuleni huko Kibosho, matope ya masika, kavunjika mkono. Mkuu wa shule anaandika barua kwa Mkurugenzi, inapitia kwa afisa elimu kata, inapitia kwa afisa elimu wa wilaya, inakaa masjala inasubiri kufunguliwa folio, inapanda kwa Mkurugenzi, inashuka na maelekezo "HRO shughulikia" (HRO ndo afisa utumishi), na kufika hapo mwalimu ameshatolewa plasta. Hakuna aliyekosea, kila mtu kafuata utaratibu wa barua, ila utaratibu wa barua na siku saba haviendi pamoja hata siku moja.

Dawa yake ni kutenganisha taarifa na barua. Mkuu wa kituo apige simu au atume wasap kwa afisa utumishi siku hiyo hiyo, ujumbe mfupi tu: nani, cheki namba, kaumia nini, saa ngapi, wapi, akifanya kazi gani, kapelekwa hospitali ipi, nani alishuhudia. Utumishi anaanza kujaza fomu ya taarifa kwa hayo, huduma za madai siku hizi zipo kwenye mfumo wa mtandaoni wa WCF, na mkikwama Arusha kuna ofisi yao mnaenda mnauliza ana kwa ana. Barua ije nyuma yake na saini zote mnazozitaka. Mkurugenzi atoe maelekezo ya jumla mapema, mara moja kwa wakuu wa vituo wote, kwamba ajali inaripotiwa hivi, ili mkuu wa shule asiogope kuonekana amemruka bosi wake. Hofu ya kumruka bosi ndo inakula siku nyingi kuliko kitu kingine chochote, niamini.

Na mtu wa utumishi awe mmoja anaejulikana, pamoja na wa kumshikia akiwa likizo. Ikiwa ni "ofisi nzima inahusika" maana yake hakuna anaehusika.

Saa ya kwanza ni ya hospitali. Mpeleke mtu, usianze kumhoji. Kama hakuna gari la ofisi chukua boda, bajaji, kifodi, chochote kile, na mkae na risiti, kila kitu kiwe na risiti yenye jina la mgonjwa na tarehe. Akifika, aliyemsindikiza amwambie daktari wazi kwamba huyu kaumia kazini, na aeleze akiwa anafanya nini. Hili dogo lina kazi kubwa kuliko mnavyodhani, maana daktari akiandika tu "maumivu ya mgongo wiki mbili" na fomu yako inasema kaanguka jana kwenye ngazi ya stoo, hapo mmeshajitengenezea maswali ya miezi. Ikiwa ni ajali ya gari au pikipiki, au kapigwa, pitieni polisi kwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na baadae mfatilie ripoti ya polisi na mchoro wa eneo la ajali. Usiache hiyo ifatiliwe na mgonjwa mwenye vyuma mguuni.

Kwa watu wa afya kuna jambo la peke yake. Nesi au mtu wa maabara akichomwa na sindano iliyotumika, wengi wanaosha mkono, wananyamaza, wanaendelea na zamu, aibu au uchovu tu. Msimamizi wa wodi usikubali. Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue, apimwe VVU na homa ya ini B siku hiyo hiyo, na kama anastahili dawa za kinga dhidi ya VVU azianze haraka iwezekanavyo, mwisho ni saa 72, na anazimeza siku 28. Kile kipimo cha siku ya kwanza kinamlinda kiafya na kinamlinda kwenye madai pia, kwa sababu kinaonyesha alikuwa salama kabla. Bila hicho, akija kukutwa na maambukizi miezi sita mbele, utathibitisha vipi kwamba yametoka kazini? Jaza daftari la matukio hata kama aliyechomwa anasema "ni kidogo tu dada". Kifua kikuu nacho kinaingia, mtu anaehudumia wodi ya TB akiugua TB usimalizie tu kwenye kumwandikia ruhusa ya ugonjwa, hilo linaweza kuwa ni ugonjwa wa kazi na linaripotiwa kama ajali inavyoripotiwa.

Tukija kwenye maelezo ya tukio, hapa ndo watumishi wa umma tunaharibu kwa kiswahili chetu cha barua. Mtu anaandika "Mtajwa hapo juu alipata ajali akiwa katika utekelezaji wa majukumu yake ya kila siku." Sawa, ila ajali gani? Majukumu yapi? Andika kama unamsimulia mtu ambae hajawahi kufika Arusha. "Jumanne saa nne kasoro robo asubuhi, akiwa anakusanya ushuru upande wa ndizi soko la Kilombero, aliteleza kwenye maganda akaangukia mkono wa kulia. Alikuwa zamu tangu saa kumi na mbili. Mlinzi wa soko alimuona akianguka." Sentensi tatu, maswali yote yamejibiwa. Ambatanisha rosta ya zamu au daftari la mahudhurio la siku hiyo, picha ya eneo, na maelezo ya shahidi kwa mwandiko wake mwenyewe na namba yake ya simu.

Usiandike unachohisi. Kama ulisikia harufu ya mbege andika ulichokiona na kukisikia na saa yake, usiandike "alikuwa amelewa" kama hamna aliyempima, na kubwa zaidi usikae na taarifa kwa sababu unaona kosa ni lake. Mfumo huu haukujengwa kutafuta nani mzembe ndo alipwe, umejengwa kumlipa aliyeumia kazini. Mambo ya nidhamu yana faili lake, kama yapo yaende huko. Kuna wakuu wa idara wanatumia fomu ya ajali kama fimbo, mtu akiripoti anapewa barua ya kujieleza kwanza. Matokeo yake mwaka mzima hamna ajali hata moja kwenye makaratasi, na kila mtu anajua mafundi wanashonwa nyuzi kila mwezi.

Swali la njiani je? Mtu kaumia kwenye hiace akienda kazini, mwingine kaumia kwenye gari ya ofisi akirudishwa nyumbani, mwingine katumwa kufata mitihani makao makuu kwa boda akapata ajali. Hizi hazifanani na usizihukumu wewe mezani kwako. Kazi yako ni kuandika ukweli wa safari: alitoka wapi, anaenda wapi, chombo ni cha nani, nani alimtuma, alipita njia yake ya kawaida au alichepuka. Wa kuamua kama inalipika ni Mfuko. Alietumwa kwa mdomo ndo ana shida kubwa, kwahiyo tafuta ushahidi wa kutumwa, hata skrinishoti ya wasap ya mkuu wake "chukua boda uwahi" inasaidia. Na kama kagongwa na gari la mtu, chukua namba ya gari na taarifa za bima yake pale pale, maana kuna madai ya bima ya gari ambayo yanaenda kivyake, yasichanganywe na ya WCF kwenye faili moja.

Vibarua na wanaolipwa kwa mapato ya ndani. Hapa halmashauri nyingi zinajisahau, hesabu ya michango inafanywa kwa walioko kwenye mfumo wa mishahara wa Hazina tu, wale wafagiaji na walinzi wa mikataba mifupi wanaachwa nje. Waingize. Wakandarasi wa taka na ujenzi wana wafanyakazi wao na wanatakiwa wajisajili wenyewe, ila kabla ya kusaini nao dai cheti cha usajili WCF na uthibitisho kwamba wanachangia, kiwe kwenye mkataba, maana kijana akikatwa na chupa juu ya lori la taka ndugu zake hawaendi kwa mkandarasi, wanakuja getini kwenu.

OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, msiwasahau. Ni taasisi nyingine na sheria nyingine, ya 2003, wao wanahusika na usalama wa eneo la kazi na nao wanatakiwa kujulishwa ajali. Ikiwa ni kifo au majeraha mabaya usisafishe eneo wala kuhamisha mashine hadi wakaguzi waseme, labda iwe ni kuokoa mtu.

Baada ya taarifa faili linakuwa refu na hapa ndo pa kuvumilia. Zinahitajika ripoti za daktari, ya mwanzo, za maendeleo, na ya mwisho anaposema mtu amepona au amefikia pale alipofikia. ED, yaani karatasi za daktari za kumpumzisha mtu kazini, zifatane bila pengo, ukiona ED imeisha tarehe 10 na nyingine inaanza tarehe 14 uliza mapema hizo siku za katikati zilikuwa za nani. Weka slip ya mshahara, barua ya ajira, kitambulisho cha NIDA, na akaunti ya benki yenye majina yanayofanana herufi kwa herufi. Mtu anaitwa Eliamani kwenye NIDA na Elly benki, hiyo inarudisha madai kama mchezo, na huku kwetu majina ya ubatizo, ya ukoo na ya nyumbani yanavyochanganywa mnajua wenyewe.

Anapata nini? Gharama za matibabu. Kama hawezi kufanya kazi kwa muda, asilimia 70 ya mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu unatathminiwa na daktari mwenye mafunzo ya tathmini hiyo: ukiwa asilimia 30 kushuka chini analipwa mkupuo, ukizidi 30 anapata pensheni ya kila mwezi. Kuna pia utengamao, yaani kumsaidia mtu arudi kujimudu, posho ya msaidizi kwa asiyejiweza, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi. Ila angalieni hapa: kama mtumishi aliyelala hospitali bado anaingiziwa mshahara kamili na Hazina, useme hivyo kwenye fomu. Usimfiche mtu kwenye hilo ukidhani unamsaidia, baadae ikija kugundulika anadaiwa yeye.

Kwenye kifo nenda taratibu ila usichelewe. Cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ripoti ya daktari. Kaeni na familia mapema mjue wategemezi ni akina nani, maana mara nyingi msibani kunajitokeza mama wa pili na watoto ambao hawapo kwenye kumbukumbu za utumishi. Usichague upande, wapokee wote nyaraka zao. Na wambie familia kwamba madai ya WCF na mafao ya PSSSF ni milango miwili tofauti, wasije wakafungua mmoja wakadhani wamemaliza.

Mkishachelewa siku saba bado ripotini, andikeni na sababu ya kuchelewa bila kujipamba. Ukuta wenyewe uko kwenye miezi 12, ikipita hiyo tangu ajali, kugundulika ugonjwa au kifo bila taarifa wala madai, haki inaweza kupotea. Uamuzi ukitoka na mtumishi hajaridhika, sheria imempa nafasi ya kuupinga, na wewe mwajiri mpe nakala za faili lake akiziomba, sio siri ya ofisi hiyo.

Mwisho, uhamisho. Maafisa utumishi tunahamishwa sana, leo Moshi kesho Karatu. Kwenye hati ya makabidhiano weka ukurasa wa madai yaliyo wazi: jina, namba ya dai, nyaraka iliyobaki, na daktari anaesubiriwa.