Kabla ya kujaza maji: mahali pa kuweka tangi la matumbawe nyumbani

Tangi la matumbawe, yaani tangi la vioo lenye maji ya chumvi, matumbawe hai na samaki, likishajazwa halihamishwi. Ukitaka kulisogeza hata hatua moja utalazimika kumwaga maji, kutoa mawe, kuwavua samaki na kuanza upya. Ndiyo maana anayeniuliza anunue tangi gani humwambia aanze na chumba: achague ukuta, apime, aangalie jua linaingilia wapi na soketi ziko wapi. Vioo vitafuata baadaye. Nasema hasa na wenzangu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, kwa sababu maelekezo mengi ya ufugaji huu yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na wanayoyahofia wao siyo yanayotusumbua sisi.

Jambo la kwanza ni uzito. Chukua tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Linaingia lita 300, na kwa kuwa lita ya maji ya bahari inazidi kilo moja kidogo, hizo ni kama kilo 307 za maji peke yake. Ongeza vioo, mawe, mchanga, kabati, na lile tangi dogo la chini linalobeba pampu na vichujio. Unakaribia nusu tani, na yote imekalia eneo lisilofika mita moja ya mraba. Sakafu ya chini iliyomwagwa zege juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri inaubeba mzigo huo. Ghorofani ni habari nyingine. Sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kwa watu na samani, kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo tangi likae kando ya ukuta unaobeba nyumba au juu ya mhimili wa zege, wala si katikati ya chumba, na mhandisi aione sakafu kabla hujalipa chochote. Kwenye nyumba kongwe za Mji Mkongwe, ambako sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti za mikoko, nisingeweka tangi la ukubwa huu ghorofani kabisa. Ncha ya boriti huweza kuoza ndani ya ukuta bila mtu kujua.

Fundi alaze pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, juu ya kabati likiwa tupu, kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona. Tangi lililoinama hubana kioo cha upande mmoja kupita kiasi, na mishono ya silikoni ndiyo inayolipia. Kabati lenyewe liwe la mbao ngumu kama mninga, au fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu. Mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi huvimba zikirukiwa na maji, na maji yatazirukia. Nyuma ya tangi acha nafasi ya mkono kupita, na juu acha angalau nusu mita kwa ajili ya taa na mkono wa kusafishia.

Sasa joto, ambalo kwangu ndilo jambo kubwa kuliko yote. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaolilisha kwa sukari inayotokana na mwanga. Maji yakizidi joto la kawaida la miezi ya joto kali kwa digrii moja tu, wiki kadhaa mfululizo, tumbawe huufukuza mwani huo, hubaki jeupe, na lisipopata nafuu hufa. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi liliua matumbawe mengi kuanzia Kenya hadi Mafia. Kilichotokea baharini kwa wiki, kwenye tangi la sebuleni kinaweza kutokea kwa siku chache, maana maji ni machache na pampu na taa nazo zinatoa joto lake.

Lenga nyuzi 25 hadi 27, na ziwe zinatulia. Kabla ya kuchagua ukuta, weka kipimajoto chumbani hapo kwa wiki nzima, ikiwezekana wakati wa kaskazi, Januari au Februari, ukisome saa tisa alasiri na usiku wa manane. Kama chumba kinafika nyuzi 32 mchana, maji yatakifuata. Ukuta unaopigwa na jua la magharibi usiuguse. Dirisha linalotupa jua moja kwa moja kwenye kioo nalo ni adui mara mbili, kwa kuwa hupandisha joto na kuotesha ukijani kila mahali. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huweza kushusha digrii mbili hivi, lakini inafanya hivyo kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na hewa ya pwani ikiwa nzito kwa unyevunyevu kazi yake hupungua. Kwa tangi la lita 300, mashine ya kupoza maji si anasa huku kwetu. Iingize kwenye bajeti tangu mwanzo, na uipe mahali penye hewa, kwani joto inalolitoa kwenye maji hulitupa chumbani. Ukiifungia ndani ya kabati itajipasha moto yenyewe.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Ukikatika, kinachoanza kuisha ni hewa ndani ya maji, na maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi. Tangi lenye samaki wengi linaweza kuingia hatarini ndani ya saa chache. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukizima, ni kitu cha bei nafuu, na ningeinunua kabla ya samaki wa kwanza. Ukiweza, weka inveta yenye betri na uiunge kwenye pampu ya mzunguko peke yake. Taa zinaweza kusubiri hata siku mbili bila madhara makubwa, mzunguko wa maji hauwezi. Nyumba yenye jenereta iwe na mtu anayejua kuiwasha mchana wakati mwenye nyumba yuko kazini.

Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka kwenye tangi la chini mpaka yafike usawa wa mdomo wa bomba. Kwa vipimo nilivyotaja, kila sentimita moja inayoshuka ni lita 6. Yakishuka sentimita tatu ni lita 18, na bado maji yaliyomo ndani ya mabomba. Kwa hiyo tangi la chini lisijazwe hadi juu. Jaribu mwenyewe kabla hakujaingia kiumbe chochote: zima swichi kuu, subiri yatulie, weka alama ya kalamu, kisha washa tena. Kama sakafu ililowa, rekebisha sasa.

Soketi zisiwe nyuma ya kabati chini ya maji. Ziwe pembeni na juu kidogo, na kila waya ushuke kwanza chini ya soketi ndipo upande, ili tone linalofuata waya lidondoke chini. Fundi umeme afunge kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, na ahakikishe nyumba ina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana na mikono yako itakuwa humo kila wiki.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hewa ya chumba. Kichujio cha povu, kile kinachotoa uchafu majini kwa mapovu ya hewa, hufyonza hewa ya sebuleni na kuichanganya na maji saa 24. Dawa ya mbu ya kupuliza, hasa zenye kiuadudu kiitwacho pairethroidi, ni sumu kali kwa kamba, kaa na samaki. Udi, ubani na moshi wa jikoni navyo ni bora vibaki mbali. Kama nyumba yenu hufukizwa kila jioni, chagua chumba kingine, na kubalianeni na wote mnaoishi humo kabla tangi halijafika.

Maji ya bomba yana klorini, ya visima vingi vya pwani yana chumvi na madini yake. Yanayofaa ni yaliyochujwa hadi kubaki matupu. Maduka ya kujaza maji ya kunywa hutumia mashine za namna hiyo, ila wengine huyarudishia madini, kwa hiyo nenda na kipimo chako kidogo cha madini yaliyoyeyuka majini. Kikisoma karibu na sifuri, chukua. Humo utachanganya chumvi maalumu hadi gramu 35 kwa lita. Maji yanayopotea kwa mvuke, pengine lita 3 hadi 6 kwa siku, hujazwa kwa maji matamu, kwa sababu chumvi haikupotea. Kuchota baharini kunawezekana, lakini mbali na mdomo wa mto kama Msimbazi, maji yakiwa yamejaa, na kamwe si wakati wa masika.

Matumbawe yenyewe usiyavunje Bongoyo, Mbudya wala Watamu. Hayo ni maeneo ya hifadhi, na matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Tafuta vipande vilivyooteshwa na wafugaji, na uombe karatasi zake. Anza na matumbawe laini, yanayostahimili zaidi.

Hata ukivipata mapema, havitaingia bado. Tangi jipya lenye mawe na maji linahitaji wiki nne hadi sita ili bakteria waote, wale wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa viumbe, kuwa nitriti, kisha nitrati. Pima kila baada ya siku mbili tatu. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, na kipimajoto kikiwa kimetulia hata alasiri za jua kali, ndipo uweke kipande cha kwanza.