Jinsi ya kuandika riwaya ya kuchekesha kuhusu roboti asiyejua yupo duniani kufanya nini

Mimi ni fundi simu, nipo Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na jioni wateja wakipungua ndipo naandika. Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kwenye betri. Kabla roboti wako hajauliza kaletwa duniani kwa kazi gani, amua anachaji wapi na umeme analipa nani.

Mpangishe chumba Manzese, nyumba ya wapangaji sita, mita ya LUKU moja, kila mtu anachangia. Hapo nusu ya riwaya umeshaipata. Mwenye friji anatoa zaidi, mwenye taa na feni anatoa kidogo. Je, roboti ni mpangaji au ni friji? Itisha kikao uani. Bwana wa chumba cha pili adai kuna mtu anakula uniti usiku wenzake wamelala, na amtazame anayemsema. Muda wote huo roboti yupo kwenye mita, kashika simu ya mama mwenye nyumba, anaingiza zile namba 20 za tokeni, maana ndiye pekee asiyekosea. Hakuna anayemwuliza maoni. Mita ikubali, watu waendelee kugombana, na wewe usitie neno.

Roboti mwenyewe asijue kwamba anachekesha. Ukimfanya arushe vijembe kama mshereheshaji wa harusi, mimi nafunga kitabu ukurasa wa pili. Awe na adabu kupita kiasi. Ana miaka miwili tu tangu atoke kiwandani, basi anamwamkia shikamoo mtoto wa chekechea, na mtoto anaitikia marahaba bila haya.

Kazi aliyoundiwa iwe imeshakufa kabla kontena lake halijatoka bandarini. Tuseme kukata tiketi za karatasi, kumbe watu wanagonga kadi getini. Kisha mzungushe mjini, kila anayemwuliza amjibu kwa shida zake mwenyewe. Mama lishe amwonyeshe beseni la vyombo. Mpiga debe wa Mbagala Rangi Tatu amkabidhi mlango wa daladala, naye aite abiria kwa ukweli wote: “Viti 26, watu 41, ukipanda utasimama!” Gari lisijae siku hiyo.

Sheria tatu za roboti alizotunga mwandishi wa hadithi za sayansi Isaac Asimov mwaka 1942 mwachie mwenyewe. Wa kwako atii za mama mwenye nyumba: geti linafungwa saa nne, na zamu ya kufagia uwanja haina mgonjwa.

Kwenye sayansi, usidanganye sana. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Simu zinafika mezani kwangu pini ya chaji imeota ukijani, nasugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu. Goti la roboti nalo litakwama, tena akwame wakati mbaya: katikati ya pantoni ya Kigamboni, watu wanataka kushuka.

Akija kupata kazi ya maisha yake, asitoe hotuba. Apewe tu kazi, aende.

Sura ikiisha, isome kwa sauti mbele ya mtu asiye na hamu na riwaya. Mimi nawasomea wanaosubiri kubadilishiwa kioo. Akicheka, bakisha. Akisema “Fundi, bado tu?”, kata kuanzia hapo.