Kabla hamjasaini taimushea ya holidei, kaeni chini nyumbani na kalamu kwanza

Mwaka juzi tuliitwa hoteli moja hapa Kisumu, mimi na baba watoto, ati tumeshinda wikendi ya watu wawili Mombasa. Tulikuwa tumejaza kakaratasi fulani kwa mall siku tulienda kununua viatu vya shule, hata tulikuwa tumesahau. Tulipofika tukapewa juisi na samosa, akaja kijana mpole sana na kalamu nyekundu akaanza kuuliza maswali mazuri mazuri, mko na watoto wangapi, mara ya mwisho mmewapeleka mahali ni lini, mlitumia ngapi. Tuliambiwa ni saa moja na nusu, tukakaa masaa matatu. Mtoto wetu wa mwisho alilala kwa viti viwili vimeunganishwa, kiatu kimoja kimeanguka chini, na huyo kijana bado anaandika bei ya taimushea, yaani haki ya kukaa kwa risoti wiki moja kila mwaka, anaizungushia duara nyekundu, anaikata, anaandika ingine ya chini, anaizungushia tena. "Mama, hii ni ya leo tu, mkitoka kwa huu mlango imeisha." Kilichotuokoa ni kwamba kadi ya benki ilikuwa nyumbani. Tulibeba hiyo karatasi tukaenda nayo, na usiku tukapiga hesabu kwa meza ya jikoni, na hesabu ikasema mambo ambayo kijana hakusema.

Sisemi taimushea ni wizi. Kuna familia inaifaa kabisa, nitafika hapo. Ninachosema ni kwamba hii kitu inaamuliwa nyumbani kabla hujaenda kuketi kwa meza ya mtu, juu ukishaketi hapo huna nafasi ya kufikiri.

Kwanza jua unanunua nini. Hununui nyumba. Unanunua wiki, haki ya kukaa kwa risoti siku saba kila mwaka, na mwaka una wiki 52 zenye nambari. Kuna wiki ya kudumu, yaani kila mwaka ni wiki ileile chumba kilekile. Kuna wiki ya kuelea, hapo unabuku mapema kulingana na nafasi. Kuna pointi, unapewa pointi kila mwaka unazitumia kama salio, chumba kikubwa msimu wa watu wengi kinakula pointi nyingi, chumba kidogo wakati wa mvua kinakula chache. Halafu kuna swali la muda, ni miaka mingapi, na ikiisha unabaki na nini. Uliza waziwazi kama jina lako linaingia kwa hati ya umiliki ama wewe ni memba wa klabu tu mwenye ruhusa ya kutumia, kwa sababu hiyo klabu ikianguka ama shamba likiuzwa, hao wawili hawako mahali pamoja.

Sasa hesabu, na hapa ndio nataka ukae kidogo. Nambari hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme unaambiwa 600,000 kwa wiki moja kila mwaka kwa miaka 20, na ada ya kila mwaka, ile wanaita mentenansi, ni 35,000. Gawanya 600,000 kwa 20 unapata 30,000, ongeza 35,000, hiyo ni 65,000 kwa wiki, kama 9,300 kwa usiku mmoja. Inaonekana sawa, sivyo? Lakini hiyo ni kama mtaenda kila mwaka bila kukosa hata mmoja. Jiulize miaka mitano imepita mmeenda holidei mara ngapi kwa ukweli, si kwa mipango. Sisi tulikuwa tumeenda mara mbili. Ukienda mwaka mmoja ukaruka mwingine, mentenansi bado unalipa yote, kwa hivyo kila wiki uliyolala huko imekugharimu 130,000, karibu 18,600 kwa usiku, na hapo hujanunua hata mkate. Fungua simu uangalie nyumba ya vyumba viwili yenye jiko Diani ama Watamu inakodishwa ngapi kwa usiku tarehe hizohizo, uandike kando ya hiyo nambari yako.

Na mentenansi haikai palepale. Ikipanda asilimia 8 kila mwaka, 35,000 inakuwa 70,000 kwa miaka tisa, na miaka tisa ingine inakuwa 140,000. Kwa hivyo usiulize tu ni ngapi mwaka huu, omba uonyeshwe miaka mitano imepita walikuwa wanalipisha ngapi, na uliza kama kuna mpaka kwa mkataba wa vile inaweza kupanda. Paa likitoboka ama jenereta ikiharibika, nani analipa? Mara nyingi ni nyinyi memba, kwa mchango wa ziada juu ya mentenansi.

Kitu ingine ni hiyo 600,000 yenyewe ingekuwa inafanya nini mahali pengine. Ukiiacha kwa sacco inayolipa asilimia 10 kwa akiba, ni 60,000 kwa mwaka kabla ya kodi, hiyo peke yake inalipa nyumba ya holidei na pesa yako bado ni yako, siku ukitoka kwa sacco unarudishiwa. Na kama huna hiyo pesa mkononi unataka kukopa, tuseme kwa asilimia 1 kwa mwezi miezi 36 kwa salio linalopungua, utakuwa unalipa kama 19,900 kila mwezi na ukimaliza umelipa karibu 717,000. Mimi naona mtu asikope kwa ajili ya holidei, hiyo ni maoni yangu, lakini ukikopa basi ingiza riba kwa bei ya usiku mmoja usijidanganye.

Sasa tarehe. Hapa ndipo familia nyingi za huku kwetu zinaumia na hakuna mtu anawaambia. Shule zinafungwa Aprili, Agosti, na Novemba hadi Desemba. Aprili kule Pwani mvua ndefu zinaanza kushika, na Mei ndio kabisa, kwa hivyo wiki ya bei nafuu unayoonyeshwa inaweza kuwa ile watoto wataangalia bahari kupitia dirisha, ama hata wako shule. Desemba wengi wetu tunaenda ushago. Niambie ukweli, utamwambia mama mkwe Krismasi hamji juu mna wiki ya 52 Diani, na mwaka ujao tena, na mwaka unaofuata? Inabaki Agosti, na Agosti kila mtu anaitaka. Halafu kalenda yenyewe inaweza kubadilika, 2021 na 2022 baada ya korona shule zilisukumwa mpaka wiki nyingi za likizo zikahama, mwenye wiki ya kudumu ya Agosti akajikuta watoto wako darasani. Na kuna uchaguzi, ambao huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila miaka mitano, ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mkataba wa miaka 20 utapita na chaguzi nne. Mtu wa Kisumu anajua mwezi kama huo watu hupanga nini na huahirisha nini. Mkiwa na mtoto wa kidato cha nne pia huo mwaka hesabu haupo.

Ukiona wiki ya kudumu haikufai ukapewa ya kuelea, usifurahi haraka. Uliza inabukiwa miezi mingapi mapema, na uwaombe hapohapo wakuangalizie Agosti ijayo kama kuna nafasi ya chumba chako. Wakianza kuzunguka, umepata jibu. Mjomba wangu alinunua ya kuelea miaka mingi imepita, ana faili ya kijani kwa kabati, risiti za mentenansi zimepangwa vizuri mwaka kwa mwaka, na katikati barua za kuomba Agosti zenye jibu lilelile, imejaa. Ameenda mara tatu tu, zote mwezi wa sita, yeye na shangazi peke yao, na yeye alinunua kwa ajili ya wajukuu.

Usafiri wengi huacha nje. Kisumu mpaka Nairobi ni kama kilomita 350, Nairobi mpaka Mombasa ni kama 480, na kama ni Diani bado kuna kuvuka Likoni kwa feri ama kuzunguka na barabara ya Dongo Kundu. Mtu wa Nakuru ana nafuu kidogo. Treni ya SGR daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa hadi 1,500 Januari 2024, zidisha kwa watu wenu, ongeza basi ya kufika Nairobi na matatu ya kutoka stesheni Miritini, kwenda na kurudi. Risoti nyingi zina siku maalum ya kuingia, tuseme Jumamosi. Mkifika Jumapili jioni mmechoka na watoto wanatapika, usiku mmoja mmelipia na hamjalala.

Chumba pia. Tuko watu wangapi kwa ukweli? Si wewe, bwana na watoto watatu tu, kuna binti wa dada yako unayesomesha, kuna dada wa kazi, kuna nyanya ambaye hajawahi kuona bahari. Studio ya watu wawili ni bei rahisi kwa karatasi, lakini mkifika watu wanane mtaambiwa mlipe vyumba vya ziada. Chumba kiwe na jiko la kupikia, sufuria na friji, hapo ndipo taimushea inaokoa pesa kweli, mnabeba unga na omena kutoka nyumbani, samaki mnanunua kwa wavuvi asubuhi. Uliza kama kuna sehemu wanalazimisha mlipie chakula chao, ziko.

Kuhusu kubadilishana wiki yako na ya risoti ingine, yule kijana wa hoteli alituambia mtaenda Dubai, mtaenda Hispania, mtaenda popote. Ni kweli kuna kampuni za kubadilishana wiki, RCI ilianzishwa Marekani 1974 na Interval International 1976, na zina risoti nchi nyingi. Lakini unalipa uanachama, unalipa ada kila ukibadilisha, mara nyingi kwa dola, na wiki yako inapimwa thamani, wiki ya mvua haikupi wiki ya jua. Dola nayo haina adabu, Januari 2024 ilikuwa kama shilingi 160, mwisho wa mwaka huohuo ikawa kama 129. Ada ya dola 200 hapo ni 32,000 ama 25,800 kulingana na mwezi. Halafu tiketi za ndege za watu sita na viza hazimo. Kama hamna pasipoti nyumbani leo, usilipie kubadilishana kwa mawazo.

Familia inayofaidika naijua moja, wako Nakuru. Wote wawili ni walimu kwa hivyo likizo zao haziguswi na bosi, wana wiki ya kudumu ya katikati ya Agosti, nyumba ya vyumba viwili, wanapika wenyewe, na wanapenda mahali pamoja kiasi kwamba watoto wao wana marafiki wa hapo kijijini. Na hawakununua kwa risoti, walinunua kwa mzee mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, bei ya chini mno kuliko ya mpya. Ukifuata njia hiyo, pata barua kutoka kwa risoti kwamba hakuna deni la mentenansi limebaki na kwamba wanakubali ubadilishaji wa jina, ujue ada yake.

Kabla ya kulipa chochote, tafuta CR12 ya kampuni, ile karatasi rasmi ya wenye kampuni, kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, uone wakurugenzi ni nani, fanya search ya ardhi uone shamba ni la nani na kama liko na mkopo wa benki juu yake. Omba mkataba uende nao nyumbani wakili ausome. Sheria ya kulinda watumiaji ya Kenya ya 2012 inataja taimushea kwa jina, mkataba lazima uwe wa maandishi na una siku 10 baada ya kupokea nakala yako za kughairi bila kutoa sababu. Andika tarehe uliyopokea, na ukighairi fanya kwa maandishi, ubaki na nakala.

Mwisho ni kutoka. Uliza ukishindwa kulipa itakuwaje, ukifa deni linaenda kwa watoto ama linakufa nawe, na risoti wenyewe wananunua tena ama la. Wiki ya kuuza huwa haina wanunuzi wengi, ndio maana kuna watu hupiga simu kwa wenye taimushea wakisema tumekupatia mteja tayari, tuma kwanza ada ya mawakili. Mjomba alipigiwa hiyo simu mara mbili. Mara ya pili alinipa simu niongee nao, nikawaambia wakate ada yao kwa pesa ya mteja wakishauza. Wakakata simu. Faili ya kijani ikarudi kabatini, na Agosti hii tumekodi nyumba Kilifi ya watu wanane, yeye na shangazi wanakuja na sisi.