Namna ya Kuishi kwa Upendo wa Kikristo na Watu Wasumbufu

Katika mji wa Kigoma watu huishi wakiwa wamekaribiana sana. Nyumba nyingi za kupanga za Mwanga, Gungu na Katubuka zina ua mmoja, choo kimoja, bomba moja na mara nyingi mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo jirani msumbufu ni mtu utakayemwona kesho asubuhi hata kabla hujanawa uso. Amri ya Bwana Yesu ya kuwapenda adui, inayosomwa katika Mathayo sura ya 5 na Luka sura ya 6, hupimwa hapo hapo uani, sokoni, kazini, na wakati mwingine ndani ya kwaya yenyewe.

Ni vyema kuanza kwa kuondoa kikwazo kimoja. Wakristo wengi huona wameshindwa kwa sababu mioyo yao haijalainika kwa mtu fulani, ilhali Maandiko hayamwagizi mtu afurahishwe na tabia mbaya ya mwenzake. Luka 6:27-28 hutaja matendo: kutenda mema, kubariki, kuombea. Matendo yanaweza kupangwa. Anayengoja moyo utulie ndipo atende mema atangoja sana, lakini anayeamua tangu nyumbani jinsi atakavyosalimia, atakavyojibu akitukanwa, na jambo atakalolinyamazia, ana kitu cha kushika hata siku ambayo moyo wake unachemka.

Angalia kinachomsumbua

Kabla ya kumshughulikia mtu, jiulize usumbufu wake unatoka wapi na huongezeka wakati gani. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huvua usiku wa giza kwa kutumia taa, na mbalamwezi inapokolea mitumbwi mingi hupumzika ufukweni. Mtu aliyezoea mwalo wa Kibirizi, yaani ufukwe wa kupokelea na kuuzia samaki, anajua kwamba fedha huja na giza na hupungua na mbalamwezi, na kwamba mama aliyechukua dagaa kwa mkopo, akawaanika, kisha mvua ikamkuta kabla hawajakauka, siku hiyo anaweza kumfokea mtu yeyote anayekanyaga karibu na sehemu yake ya kuanikia. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, wengi waliotegemea mwalo walibaki na madeni yaleyale bila mapato yaliyozoeleka.

Kuyajua hayo hakuhalalishi matusi. Faida yake ni kwamba kunakusaidia kuchagua wakati. Usimdai mtu wala kumkosoa siku ambayo mzigo wake umeharibika. Kama jambo lako linaweza kungoja hadi auze, lingoje. Kwa mfanyakazi mwenzako ofisini kanuni ni hiyo hiyo, isipokuwa huko mbalamwezi ni mwisho wa mwezi kabla mshahara haujaingia.

Salamu isikatike

Hatua ndogo kuliko zote, na kwa maoni yangu yenye nguvu kuliko nyingi, ni kutomnyima mtu salamu. Kwetu, kumpita mtu asubuhi bila kusema hata "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, ni kutangaza ugomvi, na watoto wa pande zote mbili huelewa mara moja kwamba hawapaswi tena kucheza pamoja. Katika Mathayo 5:47 Yesu mwenyewe aliligusa jambo hili kwa jina lake: anayewasalimu ndugu zake tu hafanyi lolote la ziada, kwa kuwa hata watu wa mataifa hufanya hivyo.

Basi msalimie asiyekupenda kwa sauti ileile unayotumia kwa wengine. Akiwa mkubwa wako, mpe shikamoo yake hata kama jana alikusema vibaya, maana heshima hiyo ni ya umri wake na haikutegemea tabia yake. Asipoitikia, endelea na safari yako. Usirudie salamu kwa sauti ya juu ili majirani washuhudie kwamba wewe ndiye mwema. Hapo umeacha kusalimia na kuanza kushitaki.

Kujibu maneno makali

Mithali 15:1 husema kwamba jawabu la upole hugeuza hasira, na ugumu uko katika kulipata jawabu hilo wakati umesimama na ndoo mkononi na watu wanasikiliza. Chukua mfano wa umeme, kwa kuwa ndio chanzo cha ugomvi katika nyumba nyingi za kupanga. Uniti zimeisha saa mbili usiku, na jirani anasimama mlangoni pako akisema, "Wewe ndiye unayetumalizia umeme, pasi yako inawaka kutwa nzima, na kuchangia hutaki!" Ukianza kuhesabu mara ngapi umechangia, mtafika saa nne mkiwa bado gizani.

Jibu linaloweza kusaidia ni kama hili: "Dada, nimekusikia. Hata mimi sipendi tukae gizani. Leo nitatoa sehemu yangu tununue, na kesho jioni watoto wakishalala tukae na wapangaji wote tuone kila mmoja anatumia nini na anachangia kiasi gani." Angalia kwamba jibu hilo halikukiri kosa ambalo hukulitenda, wala halikumwita mwenzako mwongo. Limemhakikishia kwamba amesikika, limetatua shida ya usiku huo, na limeweka siku ya kuzungumza mahali ambapo hakuna anayepigania kushinda mbele ya watazamaji.

Kuna maneno ya kidini ya kuepuka hapo. "Namwachia Mungu," yakisemwa kwa meno yaliyobana, kila mtu uani anajua kwamba ni laana iliyovishwa kanzu. "Nitakuombea" nayo, ikitamkwa mbele ya watu katikati ya ugomvi, huuma kuliko tusi. Ukitaka kumwombea, mwombee ukiwa chumbani, na umtaje mbele za Mungu kwa mahitaji yake halisi: mtoto wake anayeugua, deni lake, ndoa yake.

Kumwambia ukweli mkiwa wawili

Wengi hudhani kwamba upendo ni kunyamaza. Mambo ya Walawi 19:17-18 hukataa jambo hilo waziwazi, kwa sababu mstari unaoamuru kumpenda jirani unatanguliwa na ule unaokataza kumchukia ndugu moyoni na kuagiza kumkemea. Mathayo 18:15 huongeza utaratibu: nenda kwake, mkiwa wewe na yeye peke yenu. Tatizo letu ni kwamba tunaanza na watu wengine. Mwanakwaya akifedheheshwa na mwalimu wa kwaya, habari hufika kwa soprano wote, kisha kwenye kundi la WhatsApp, kisha kwa mama mchungaji, na mhusika anakuwa wa mwisho kuambiwa.

Unapokwenda, beba jambo moja. Sema alilotenda, siku na mahali, wala usiseme yeye ni mtu wa namna gani. "Jumamosi uliposema mbele ya wote kwamba sauti yangu inaharibu wimbo, nilifedheheka, naomba ukiwa na la kunirekebisha uniite pembeni" ni maneno ambayo mtu anaweza kuyajibu. "Wewe una dharau" hayana jibu isipokuwa ugomvi mwingine. Usifungue faili la miaka iliyopita, na usiandike mambo hayo kwenye simu, kwa kuwa ujumbe ulioandikwa huonyeshwa watu wengine na sauti yako ya upole haiendi nao.

Kwa mkubwa wako njia hubadilika. Mkwe hawezi kumwendea mama mkwe na kumweleza makosa yake kana kwamba ni rika lake, na anayemshauri afanye hivyo kwa kisingizio cha Mathayo 18 atamwingiza matatani. Atafute shangazi au wifi mkubwa anayeaminika afikishe neno, au mwenyewe alilete kama ombi: "Mama, naona jambo hili la chakula cha watoto hatujaelewana, naomba unielekeze unavyopenda, nami nikueleze ninavyoshindwa." Ikishindikana, ndipo waingie mashahidi wawili watatu, kisha wazee wa kanisa au viongozi wa jumuiya.

Wema usiokuwa kisasi

Warumi 12:20 husema kwamba ukimlisha adui mwenye njaa utampalia makaa ya moto kichwani pake, na wapo wanaolipenda andiko hilo kwa sababu ya makaa tu. Wanatenda wema huku wakichungulia kama mtu anaungua. Mstari unaofuata hufunga mlango huo, kwa kuwa unaagiza kuushinda ubaya kwa wema.

Kutoka 23:4-5 hutoa kipimo kizuri: ukimkuta ng'ombe au punda wa adui yako amepotea, mrudishie, ukimwona punda wake amelala chini ya mzigo, msaidie. Huko hakuna sherehe wala hotuba. Kwa hapa kwetu mambo hayo ni kuanua nguo zake mvua inapoanza naye hayupo, kumchotea ndoo moja anapouguliwa, kufika msibani kwake mapema na kukaa. Ujiji, ambako majirani wengi ni Waislamu, nenda mazishini na idi kama jirani, bila kugeuza wema wako kuwa chambo cha mahubiri. Epuka zawadi kubwa kwa mtu mliyekosana, kwa sababu humwelemea kama deni na kumdhalilisha.

Zaidi ya hayo, kataa kabisa kumgeuza jirani mkali kuwa mchawi. Bibi mpweke mwenye maneno makali na macho mekundu kwa moshi wa kuni huanza kwa kunong'onwa, kisha hutengwa, na mikoa yetu ya magharibi imewahi kuona wazee wakiuawa kwa minong'ono ya namna hiyo. Maombi ya kumtaka adui aanguke yanayochochea dhana hiyo hayana nafasi karibu na Luka 6:28.

Mahali pa kukomea

Warumi 12:18 huweka sharti mara mbili: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Daudi alipomhurumia pangoni mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda amuue, katika 1 Samweli 24, alimwacha hai na hata kumwinamia kwa heshima, lakini mwisho wa sura Sauli alirudi nyumbani kwake na Daudi akapanda ngomeni. Alisamehe bila kurudi kukaa karibu na mkuki. Mwanamke anayepigwa, mtoto anayedhulumiwa, au mzee anayetishiwa hatakiwi kuonyesha upendo kwa kuendelea kupigwa. Apelekwe mahali salama, na taarifa ifike polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kiongozi wa kanisa anayemrudisha mke kwenye kipigo kwa neno la "vumilia" anamkosea huyo mke na mumewe pia. Kwa migogoro mingine iliyoshindikana, kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa si ukosefu wa imani.

Mkipatana, pokea msamaha kwa maneno machache, wala usimsomee hati ya mashitaka kabla ya kumsamehe. Wale uliowaeleza ugomvi, waeleze pia kwamba umekwisha. Akija tena kukopa, na madeni ndiyo yaliyowagombanisha, mpe kiasi ambacho hata kisiporudi hamtakosana, mkiandike wote wawili mkiwapo, au mwambie kwa upole kwamba mwezi huu huna.